Shosho, Nafasi Yako Ukutani Imebaki Wazi

Shosho wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyoondoka nayo. Kiswidi kilikutoka kwanza, pamoja na miaka yako yote ya ndoa. Kikafuata Kiingereza chenu cha kifahari. Mwisho ukabaki na hiki cha jikoni, ulichofundishwa na yaya wako kule Kenya ulipokuwa mtoto wa bwana shamba. Daktari alisema ubongo ukizeeka namna ile hurudi ulikoanzia. Sijui kama huko uliko kuna haja ya lugha, lakini kama ipo najua utakavyonipokea: "Yaya, wewe nachelewa." Ni kweli nimechelewa. Nimekuwa nikitafuta pa kuanzia tangu baridi, na sasa theluji imeyeyuka hapa Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, na bado nimekaa kwenye meza ya jikoni na kalamu, nikiwatazama watoto wa jirani wakichezea matope.

Wacha nianze na habari za kazini, maana ulipenda umbea. Kitanda chako kimepata mtu. Annika, msimamizi wetu, hakungoja hata godoro lipoe. Ameniletea mmishonari mzee wa Kiswidi aliyefanya kazi Bukoba maisha yake yote, naye akili imemrudi nyuma kama yako. Anaimba nyimbo za kanisa kwa Kiswahili tangu asubuhi na hakubali kuoga mpaka umwitikie. "Wambui, bila wewe tutafanyaje?" Annika ameniambia maneno yale yale aliyoniambia wakati wako. Ile nafasi ya kusomea uuguzi niliyoipata imeahirishwa tena, ningoje mpaka wampate mwingine. Unacheka? Cheka tu. Nilivuka bahari nikakuja mji ambao nilidhani hakuna atakayehitaji Kiswahili changu, somo ambalo hata shuleni sikulipenda, na hicho ndicho kimenifungia mlango.

Siku ile ya kwanza huwezi kuikumbuka, kwa hiyo nikukumbushe. Pale kwenye nyumba ya wazee Rågsved walikuwa wameshakupa sifa mbaya. Unapiga kelele, unauma watu, umemtupia msichana wa zamu bakuli la uji. Nilikuwa napita na taulo nikasikia sauti bafuni: "Maji moto iko wapi? Toka! Lete yaya!" Wenzangu wakasema huyo bibi sasa anabwabwaja. Mimi nilisimama pale mlangoni na taulo zangu. Mzungu mwenye macho ya buluu, uchi kama alivyozaliwa, anafoka kwa Kiswahili cha walowezi, kile ambacho nyanya yangu alikuwa akituigizia tukavunjika mbavu. Nikaingia nikasema, "Pole, Shosho, maji yanakuja." Ukanyamaza. Ukaninyooshea mkono kama mtoto. Tangu siku hiyo wote wakakuita Shosho, hata Annika, wakidhani ni jina lako la utotoni, kumbe ni bibi kwa Kikuyu chetu.

Na tangu siku hiyo hukuogeshwa na mtu mwingine ila mimi. Likizo yangu ikakatwa, zamu zangu zikapangwa kwa kukufuata wewe. Nilikukasirikia mara nyingi, Shosho, nisiseme uongo. Kuna asubuhi nilikaa kwenye treni nikitamani isifike.

Habari za ukoo wako nilizipata bafuni, nikikusugua mgongo. Ulizipanda kama ngazi, kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa: kwenye ile nyumba yenu kubwa Uingereza picha za mababu zilitundikwa kando ya ngazi, na mtoto alitakiwa azitaje zote bila kukosea ndipo apewe chakula. Wa kwanza alimpa mfalme farasi akazawadiwa bonde zima pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Mwanawe akaingia Bungeni. Mwana wa mwanawe akaingia Bungeni. Wote wana jina moja, kama kwamba wazazi walichoka kufikiri. Mmoja alikuwa waziri wa vita, mmoja alitumwa kutawala nchi za joto akarudi amekuwa wa manjano, mmoja alikaa kwenye kiti chake Bungeni mpaka uzeeni na kinachokumbukwa ni kwamba alikuwa akikoroma. Uliniigizia mkoromo wake, nikamwaga maji sakafuni kwa kucheka. Wanawake hawakuwa na picha, isipokuwa waliokuja na mali.

Baba yako alikuwa mtoto wa pili, kwa hiyo hakuwa na bonde wala kiti. Wakamtuliza kwa shamba Kenya, kama unavyompa mtoto pipi aache kulia. Pipi yenyewe ilikuwa yetu, lakini hayo tuliyaacha. Nyanya yangu alichuma pareto kwa lodi mmoja kule Subukia, na sikuwahi kukuuliza kama alikuwa wenu. Kisha kaka yake baba yako akafa vitani bila mtoto, na ghafla baba yako akawa ndiye lodi, mwenye cheo, bonde na kile kiti. Mkafunga mizigo. Uliniambia mlivyoagana na yaya wako: "Yaya lia, mimi lia, baba hapana lia." Hapo ulikuwa unanishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka alama zinabaki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Sisi wa kutoka kwetu tunaoishi hapa Stockholm, mtu akianza kuugua ugenini tuna maneno ya kumtuliza, nayo ni yale yale kwa wote. Tunamwambia usijali, utapelekwa kwenu. Tuna chama chetu cha kuchangiana, mwenyekiti wake ni rafiki yangu Mama Neema, Mtanzania wa Vårby gård, mwanamke mwenye sauti ya kupita kuta. Mmoja wetu akifa, Mama Neema hakai chini mpaka jeneza limepanda ndege. Tunachanga tukiwa hai ili tusiachwe kwenye barafu. Kwa hiyo wewe ulipoanza kulia lia nyakati za alasiri, nilikufanyia kama ambavyo ningemfanyia mama yangu. Nilikushika mkono nikasema, "Nyamaza, Shosho. Watakupeleka kwenu. Utalala na baba yako."

Ukapiga yowe. Ukararua shuka. Mimi nikadhani ni hamu ya nyumbani, nikazidisha: utalala na mama yako pia, na babu zako wote, wamekuwekea nafasi. Nilikuwa namwagia moto petroli na sijui! Wauguzi wakakuongezea dawa ya kukutuliza. Ikawa hivyo alasiri baada ya alasiri, mimi nikikubembeleza na wewe ukitapika.

Mpaka siku uliponisimulia lile shimo. Ulikuwa mtulivu, maji yalikuwa na joto unalolipenda. Ulisema Jumapili ya kwanza kule Uingereza, baada ya ibada, baba yako aliwashika mkono wewe na kaka yako akawateremsha chini ya kanisa. Chumba cha mawe, ukuta mzima mashimo, na kila shimo lina mtu wa kwenye ngazi. Yaliyo matupu yalikuwa yameshagawiwa. Akaweka kiganja chake kwenye moja akakwambia hili ni lako. Jina lako lilikuwa limeshachongwa. "Mimi naona jina yangu," ulisema, "mimi nafikiri mimi kwisha kufa." Ulikuwa hujatimiza hata miaka kumi. Kila Jumapili mkashushwa kuyasalimia.

Nilikaa kwenye kiti cha choo na taulo mikononi. Nilicheka, kisha nikalia, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nakutishia kwa upendo. Nikakwambia, "Shimo hapana, Shosho." Ukaitikia, "Shimo hapana." Siku hiyo ulilala alasiri nzima. Baadaye dawa ikapunguzwa, na Annika akasifu vidonge vipya.

Ndipo ukaanza kunituma. Kila siku maneno yale yale, huku umesahau hata kijiko ni cha nini: "Kwa shimo hapana. Peleka mimi kwa miti, kwa bwana yangu. Jina hapana." Bwana yako, yule mwalimu wa shule uliyetoroka naye kuja Uswidi, majivu yake yako kwenye makaburi ya msituni kusini mwa mji, sehemu wanayoiita minneslund. Nilienda kuiona. Ni uwanja wa majani katikati ya misonobari. Majivu ya watu wengi yamefukiwa humo, hakuna jiwe, hakuna jina. Jamaa hawaitwi. Wafanyakazi wa makaburi hufukia wenyewe na hawamwambii mtu ni wapi. Kwetu kumzika mtu hivyo ni kumtupa. Nilikuitikia tu ndiyo, Shosho, nikiomba usahau na hili pia.

Ukafa asubuhi, uji ukiwa bado moto. Nilifungua dirisha kama Waswidi wanavyofanya, nikakusomea sala yetu kwa Kikuyu kwa sababu nyingine haikunijia. Nilidhani nitajisikia huru. Nilijisikia kama mtu aliyekabidhiwa mzigo stesheni na mwenyewe hayupo tena.

Juma lililofuata akaja Bwana Mdogo, mtoto wa kaka yako. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akaja mwanamume mrefu aliyechoka, koti lina kiraka kiwikoni, akaniuliza jina langu mara mbili ili alitamke sawasawa. Alituambia mimi na Annika, bila kulalamika, kwamba kwao sheria imegeuka, wanaoingia Bungeni kwa kuzaliwa wanaondolewa, na yeye ndiye wa mwisho wa ukoo wenu kukalia kile kiti. Nyumba kubwa imefunguliwa kwa watalii ili paa lisianguke. Kilichobaki ni kaburi la ukoo, na humo hajawahi kukosekana mtu.

Akatoa simu akatuonyesha picha. Shosho, nililiona. Jiwe la kijivu, jina lako, mwaka wako wa kuzaliwa, kistari, halafu patupu. Lilikuwa safi. Kuna watu wamekuwa wakilifuta vumbi miaka yote hiyo. Niliona wivu, sikufichi. Shamba la baba yangu limekatwakatwa likauzwa, na nikifa sijui chama kitanishusha kwenye ardhi ya nani. Wewe umewekewa nafasi tangu utotoni, na mimi, kati ya watu wote, ndiye niseme uliikataa!

Nilikuwa nimewadokezea Annika na Mama Neema ulichonituma, na Annika alikuwa ameshanivuta kando kabla hatujaingia. "Wambui, ya familia ni ya familia. Umeapa kutotoa habari za wazee wetu. Kunywa kahawa, toa pole, basi." Na Mama Neema alikuwa ameshanipigia: "Jamani, we mwanamke una nini? Mwenzetu ana kwao, ana kaburi la mababu, wanakuja kumchukua kwa heshima zote, halafu wewe uwazibie njia? Sisi tunavyohangaika!" Mdomo wake ulikuwa unasema yaliyokuwa moyoni mwangu.

Bwana Mdogo akaniangalia. Akauliza, kwa upole kabisa, kama mwishoni uliwahi kusema lolote kuwahusu wao, maana ameambiwa mimi pekee ndiye niliyekuelewa. Nilibanwa, Shosho. Kushoto kazi yangu, kulia watu wangu, na katikati mimi mwenyewe nikiamini mtu hurudishwa kwao. Ningesema "hapana, hakusema" na hakuna mtu duniani ambaye angenipinga. Nilikuchukia kidogo wakati ule. Ulinichagua mimi kwa sababu hukuwa na mwingine, na sasa nami sikuwa na mwingine wa kumpasia.

Nikasema. Kwanza kwa maneno yako, kwa sababu hayo ndiyo niliyopewa, kisha kwa Kiingereza, nimesimama wima kama mtoto wa shule anayesoma risala mbele ya wageni.

Akaweka kikombe chini. Akasema ulikuwa mgonjwa. Kisha akauliza kama kuna mwingine aliyesikia. Nikamwambia wamesikia wengi, walioelewa ni mmoja. "Basi tuna neno lako tu," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Annika akanishika kiwiko akanitoa nje, na siku hiyo hiyo nikapewa onyo ofisini. Nilijaribu kumweleza kwamba sikutoa siri, nilifikisha ujumbe. Akasema hilo si langu kuamua.

Wakakuchoma, majivu yakawekwa kwenye ofisi ya makaburi yakimngoja Bwana Mdogo aamue. Ukawa kwenye rafu, Shosho, huku si kwa shimo wala si kwa miti. Niliogesha wazee wengine. Simu ikilia nakimbilia kuipokea. Nilikuwa nimesema, na bado sikuwa nimekutoa.

Alirudi siku zilipoanza kurefuka. Aliomba tuonane mbali na kazini, tukakaa kwenye mkahawa karibu na stesheni, akaniagizia keki ambayo sikuigusa. Akasema, "Rudia maneno yake. Kama alivyoyasema." Nikayarudia. Akauliza neno lile la pili lina maana gani. Nikamwambia. Akalitamka mwenyewe polepole, shimo, huku anatazama meza. Kisha akasema, "Langu liko chini ya lake. Nilionyeshwa nikiwa na miaka saba. Nililowesha kitanda mwaka mzima."

Unanijua mdomo wangu. Nikamuuliza, "Na wewe si ukatae?"

Akatabasamu bila furaha. "Mimi ndiye ninayeshika funguo za mle ndani. Nikikataa mimi, wale wengine nani atawafungia?"

Nilimwonea huruma, Mungu anisamehe, lodi mzima. Kesho yake akatia sahihi upelekwe kwa miti. Akawauliza watu wa makaburi aje siku gani na suti nyeusi. Wakamwambia haji mtu. Akauliza basi atajuaje ni wapi. Wakamwambia hatajua. Alidhani Kiingereza chao ndicho kibovu, akauliza tena. Ukoo ambao kila mtu anajua kwa shibiri atalala wapi! Akapanda ndege mikono mitupu.

Jumapili iliyopita nilikuja huko. Mama Neema aling'ang'ania kunisindikiza, akanung'unika kuanzia lango mpaka uwanjani: "Hata kijiti? Hata kimsalaba cha mbao? Nyie watu mna roho gani?" Alileta maua, akaonyeshwa pa kuyaweka, mahali pamoja kwa ajili ya wafu wote. Akayaweka pembeni ya maua ya watu asiowajua, halafu akakulilia kwa sauti, wewe ambaye hakuwahi kukuona, mpaka Waswidi wakageuka na kujifanya hawajageuka. Mimi sikulia. Nilitembeza macho kwenye majani nikijaribu kukisia, pale, au kule kwenye kivuli, kisha nikaacha. Nilifurahi sana, na papo hapo nikaona uchungu, kwa sababu furaha yenyewe haikuwa yangu.

Mimi bado nachanga, Shosho. Siwezi kama wewe. Mimi nataka jiwe, tena kubwa, na mtu wa kulipangusa. Nikimwambia binti yangu, ananijibu kwa Kiswidi kwamba yeye hatapanda ndege kwenda kupangusa mawe. Kesho asubuhi nitamwitikia mmishonari nyimbo zake tangu ubeti wa kwanza, na kesho kutwa vile vile. Sijui nitatoka lini. Annika ananisifia.

Nakuaga sasa, na nakupa ahadi. Jina lako halitatoka kinywani mwangu. Barua hii nimeipitia kuanzia juu, halimo, wala la baba yako, wala la ile nyumba. Kule ukutani litabaki na kistari chake, na watalii watauliza mbona mwaka wa pili haupo. Waulize. Pumzika, Shosho wangu. Wa ukoo wako wakija tena kuniuliza uko wapi, nitawaambia sijui, na itakuwa kweli.

Yaya wako,
Wambui